Corolla 110 iliyokuwa inachemsha mlimani tu

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1,498, gia otomatiki. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari Dodoma na kwao ni Iringa, kwa hiyo barabara anayoijua kuliko zote ni ile ya Mtera. Malalamiko yake yalikuwa mafupi. Mjini Dodoma gari halina neno, hata kwenye foleni ya mchana. Akishavuka bwawa na kuanza kuupanda mlima wa Nyang'oro, mshale wa joto unaondoka katikati, unapanda, na akifika juu kopo la akiba linatokota na kumwaga maji barabarani. Akisimama likapoa, akaongeza maji, anafika Iringa vizuri tu.

Lilipoingia gereji kwangu lilikuwa limeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alitoa thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite kwenye rejeta. Wa pili aliunga feni moja kwa moja, ikawa inazunguka tangu swichi inapowashwa. Wa tatu alimwambia hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, imepinda, ishushwe ikapigwe skimu (kunyooshwa uso wake kwa mashine) na kuwekwa gasketi mpya katikati yake na bloku, na mwalimu alikuwa ameanza kukusanya hela ya kazi hiyo.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu magari ya umri huu ni mengi barabarani, na karibu kila ninalolipokea kwa tatizo la kuchemsha limeshatolewa thamostati. Imekuwa dawa ya kwanza ya kila gereji. Kwenye injini hii si dawa. Ni sehemu ya ugonjwa, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kufungua boneti nilikaa na mwalimu tukazungumza, kwa sababu kwenye mambo ya joto maelezo ya dereva yana thamani kuliko vifaa vingi.

"Mwalimu, ukiwa kwenye foleni mshale unakaa wapi?"

"Chini kidogo ya katikati. Asubuhi unakawia hata kunyanyuka."

"Na feni?"

"Inazunguka muda wote fundi. Nikiwasha tu, nayo hiyo."

"Ukipanda Nyang'oro na AC je?"

"Na AC linachemsha mapema. Bila AC linachelewa, lakini litachemsha tu."

"Maji unaongeza ya wapi?"

"Ya bomba, ya nyumbani. Nina dumu kwenye buti, silitoi."

"Na mafuta?"

"Hapo ndipo unaponikumbusha. Linakula kuliko zamani, sijui ni hayo hayo au ni jambo jingine."

Ni hayo hayo, ila tutafika huko.

Jambo la kwanza kuangalia ni wakati gani gari linachemsha. Likichemsha foleni na kupoa linapokimbia, shaka inaangukia feni: mota yake, rilei, fyuzi, swichi ya joto. Likichemsha muda mfupi tu baada ya kuwashwa, na hozi ya juu ikawa ngumu kama imejazwa upepo wakati maji bado ni vuguvugu, hapo ndipo unapoanza kufikiria gasketi ya hedi, au thamostati iliyogoma kufunguka. Hili lilikuwa aina nyingine kabisa. Linapoa foleni, linachemsha kwenye mzigo. Maana yake maji yanazunguka na feni inavuta, lakini injini inapotoa joto jingi kwa muda mrefu, mfumo hauwezi kulitoa lote. Hapo unatafuta vitu vinavyopunguza uwezo: rejeta iliyoziba, mfuniko usioshika presha, mkanda unaoteleza, hozi ya chini inayonywea, au maji yanayopita njia isiyo yake.

Nyang'oro inalipima hili kikatili. Bwawa la Mtera likijaa, maji yake yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Tofauti hiyo unaipanda kwa gia ndogo, injini ikizunguka sana, gari likienda polepole, upepo mdogo mbele ya rejeta, na mara nyingi jua liko utosini. Gari la otomatiki linaongeza joto jingine, kwa sababu mafuta ya gia nayo yanapoozwa ndani ya tanki la chini la rejeta hiyo hiyo.

Kuna jambo la pili kuhusu mwinuko ambalo mafundi wengi hatulizungumzi. Maji ya wazi yanachemka nyuzijoto 100 ukiwa pwani. Dodoma, ambako ni mita 1,100 na kitu, yanachemka kwenye 96 hivi. Iringa ni 95. Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya hesabu za injini yenyewe. Thamostati ya 5A-FE inaanza kufunguka kwenye 82 au karibu na hapo, na inakuwa imefunguka kabisa ikifika 95. Swichi ya feni inaiamuru feni izunguke maji yakifika 93. Kwa hiyo joto ambalo injini hii inaliona ni la kawaida, kwa mtu wa Iringa tayari ni joto la maji kuchemka. Kinachoyazuia yasichemke ni kitu kimoja tu: mfuniko wa rejeta.

Mfuniko wa Corolla hii umeandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Ukishika presha hiyo, maji matupu hapa Iringa hayachemki mpaka yapite nyuzi 115, na ukiweka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu yanakwenda juu zaidi. Usiposhika, huna akiba yoyote. Gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuishi Dar es Salaam miaka mingi bila mtu kujua, halafu likaaibika siku ya kwanza linapopanda Kitonga.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilifungua mfuniko. (Injini ikiwa ya moto mfuniko haufunguliwi, hata kwa kitambaa, hata kwa haraka gani. Nimeona watu walioungua uso na kifua kwa jambo hilo.) Maji yalikuwa ya kahawia, mazito kidogo, na yalikuwa chini ya shingo, wakati kopo la akiba lilikuwa na maji hadi alama ya juu. Ishara hiyo inasema mengi. Mfumo mzima unafanya kazi hivi: injini ikipata moto maji yanatanuka na ziada inakwenda kwenye kopo, ikipoa, inayavuta yarudi. Kama kopo limejaa na rejeta imepungua, uvutaji umekatika mahali. Nilifuata kimpira kinachounganisha shingo ya rejeta na kopo, nikakikuta kimepasuka pale pale shingoni, upande wa chini usioonekana. Injini ikipoa ilikuwa inavuta hewa. Mwalimu alikuwa akiangalia kopo, anaona limejaa, anaondoka na rejeta ambayo haijajaa.

Mfuniko nilioukuta ulikuwa wa kununua popote, raba yake imekauka na kuwa ngumu, na ukingo wake umeacha alama upande mmoja tu. Niliufunga kwenye pampu ya kupimia presha, ukaanza kupumua kabla hata mshale haujafika 0.3. Hapo tayari nilikuwa na sababu ya kutosha ya maji kutokota Nyang'oro, lakini sikuwa na sababu ya mshale kupanda. Mfuniko mbovu unafanya maji yachemke mapema, haufanyi injini itoe joto jingi zaidi. Nikaendelea.

Lile la hedi lilikuwa lazima limalizwe mwanzoni, kwa sababu kama kweli gasketi imeungua, vingine vyote ni kupoteza muda. Nilipiga presha ya kilo moja kwenye rejeta, injini baridi, nikaiacha nikaenda kufanya kazi nyingine. Niliporudi mshale wa pampu ulikuwa pale pale. Mafuta ya injini yalikuwa safi, hayana weupe wa maziwa kwenye kijiti wala chini ya mfuniko wa mafuta. Plagi nne zilifanana rangi. Silinda inayovuta maji plagi yake huwa imeoshwa. Halafu nikapima moshi kwenye maji. Kipimo hiki ni bomba la kioo lenye dawa ya rangi ya buluu, unaliweka mdomoni mwa rejeta baada ya kupunguza maji kidogo yasije yakavutwa ndani, na unavuta hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye dawa. Kama kuna gesi ya mwako, dawa inageuka njano. Nilikifanya gari likitoka kupanda mlima wa Ipogolo kuingia mjini, baada ya kulipumzisha hadi presha iishe, kwa sababu gasketi yenye ufa mdogo inaweza kujificha injini ikiwa haina mzigo. Dawa ilibaki buluu.

Mwalimu akauliza kama hilo linatosha kusema hedi ni nzima. Nilimjibu kuwa kwa vipimo hivyo vinne kwa pamoja, sina sababu hata moja ya kuishusha. Kushusha hedi ya injini ya umri huu bila sababu ni kununua matatizo: bolti zinazokatika, sili zinazoanza kuvuja, fundi wa skimu anayekata kuliko inavyotakiwa.

Sasa thamostati. Kwenye injini nyingi za zamani za Ulaya na za malori, thamostati inakaa upande ambao maji ya moto yanatokea, na ukiitoa maji yote yanakwenda rejeta. Nadhani desturi ya kuitoa ilizaliwa huko. Kwenye familia hii ya Toyota inakaa upande wa kuingilia, pale hozi ya chini inapoingia kwenye injini kabla ya pampu, na ina kazi mbili. Ina vali kubwa inayofungua njia ya kutoka rejeta. Nyuma yake, kwenye ncha ya chini, ina kisahani kidogo. Injini ikiwa baridi, kisahani kimeachia njia ya mkato, na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto haraka. Injini ikipata moto, vali kubwa inafunguka na wakati huo huo kisahani kinasogea na kuiziba ile njia ya mkato. Ndipo maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta.

Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Pampu inavuta maji kutoka pande mbili, na ile njia fupi ni rahisi kuliko ya kupita kwenye mirija ya rejeta. Sehemu ya maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupoozwa hata kidogo. Foleni na safari za mjini hutaona shida, tena injini itakuwa baridi kupita kiasi. Mlimani, unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, sehemu yake haipiti. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa hata kama injini inaelekea kuchemsha. Na jinsi rejeta inavyozidi kuziba ndivyo maji yanavyozidi kuchagua njia ya mkato, kwa hiyo madhara mawili yanasaidiana.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la mafuta. Kompyuta ya injini inasoma joto la maji, na injini ikiwa bado haijapata joto lake inaongeza petroli. Gari la mwalimu, bila thamostati na feni ikizunguka tangu asubuhi, lilikuwa likitembea mjini kama gari ambalo halijapasha moto. Watu wanabadilisha plagi, wanasafisha nozeli, wanalaumu petroli ya kituo fulani, na chanzo ni kipande cha shaba kilichotupwa kwenye ndoo ya skrepa.

Nilifungua nyumba ya thamostati nikaikuta tupu kama alivyosema, na mabaki ya silikoni nyingi pembeni. Thamostati mpya niliipima kwanza kwenye sufuria na kipimajoto, imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Hii ni kazi ya dakika chache na inakuokoa na spea mbovu. Ilianza kuachia kwenye 82. Hapa Iringa maji ya sufuria hayapandi zaidi ya 95 hata uongeze moto, kwa hiyo yakichemka vizuri unaona thamostati ikiwa imefunguka ilivyokusudiwa, milimita 8 au zaidi. Kuna kitundu chenye kipini kinachochezacheza kwenye ukingo wake. Hicho kinakaa juu, ndiko hewa inakotokea. Nimeshakuta kimegeuzwa chini, na mtu anahangaika na hewa isiyoisha.

Utaratibu wangu ni kubadilisha kitu kimoja, kujaribu, kisha kingine. Unachosha, lakini ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja gari likapona, hujui ulitibu nini. Nilianza na mfuniko mpya na kimpira kipya cha kopo peke yake. Ipogolo, watu wanne ndani, AC imewashwa, mlima wote kwa gia ya pili. Maji hayakutokota tena, lakini mshale ulipanda vile vile. Hii ilikubaliana na nilichotegemea. Kisha thamostati. Safari hii mshale ulitulia katikati muda mrefu zaidi, ukaanza kusogea karibu na juu. Afadhali kubwa, ila Nyang'oro ni ndefu kuliko Ipogolo. Bado kulikuwa na kitu.

Niseme neno kuhusu mshale wenyewe. Kwenye Toyota za miaka hiyo umetengenezwa utulie katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike bure. Kwa hiyo ukiuona umeondoka katikati, usiseme "umepanda kidogo". Injini imeshapita mipaka ya kawaida. Na ukiuona umepanda halafu ghafla umeshuka wenyewe, mlima bado unaendelea, simama hapo hapo uzime: inawezekana maji yameisha na kihisio kimebaki hewani, kinasoma uongo.

Nikarudi kwenye rejeta. Kwanza kwa nje. Kati ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, na rejeta yenyewe kuna nafasi ya vidole viwili hivi, na hapo ndipo vumbi, mbegu za nyasi na wadudu wanapojikusanya. Ukiangalia kwa mbele unaona kondensa safi, unadhani mambo ni mazuri. Nilifungua bano za juu, nikairudisha rejeta nyuma kidogo, nikamulika: lilikuwa limejengeka blanketi la kijivu, nene, likiwa limefunika karibu theluthi ya chini. Tulilitoa kwa maji ya mpira ya kawaida, yakipigwa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ukiisogeza pale unalaza mapezi yote (vile vibati vyembamba kati ya mirija), na rejeta yenye mapezi yaliyolala haipitishi upepo tena.

Baada ya hapo nikapasha injini moto hadi thamostati ikafunguka, nikapita na kipimajoto cha mwanga juu ya uso wa rejeta kutoka upande wa injini. Rejeta isiyo na tatizo inashuka joto taratibu kutoka tanki la juu kwenda la chini, upande wote kwa usawa. Hii haikuwa hivyo. Mirija iliyo karibu na mlango wa maji ya moto ilisoma 80 na zaidi. Kona ya mbali, usawa ule ule, ilisoma 50 na kidogo. Kama huna kifaa hicho, zima injini, subiri feni isimame kabisa, upitishe mkono kwa uangalifu karibu na mapezi. Utaisikia sehemu baridi. Maji hayafiki huko.

Tuliishusha tukaipeleka kwa fundi rejeta. Alipofungua meno ya tanki la juu tukaona wazi. Mirija ya katikati ilikuwa na tope la kutu, na ile ya pembeni ilikuwa imezibwa na ukoko mweupe uliokauka, ule ule unaoukuta chini ya birika la chai katika nyumba nyingi za Dodoma. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka visimani, kwenye bonde la Makutupora, na maji ya kisima yana madini. Yakipata moto madini yanajitenga na kuganda. Kila dumu la maji ya bomba lililoongezwa Nyang'oro lilileta madini mapya, na kwa kuwa maji yalikuwa yakimwagika kila safari, rejeta ilikuwa inapokea madini mapya mara kwa mara. Kutu nayo ni ya bloku ya chuma, ambayo haikuwa na kulanti ya kuilinda.

Nilimuuliza fundi rejeta kama inawezekana kuipitisha waya. Aliigonga kwa ukucha, akanionyesha jinsi mirija ya aluminiamu ilivyo myembamba. "Ukipitisha waya hapa inatoboka, na plastiki hii ya juu imeshakuwa kahawia, itapasuka kwenye meno. Ingekuwa ya shaba ningekusafishia." Nilimheshimu sana kwa jibu hilo, maana angeweza kuchukua hela akaifunga tena.

Basi rejeta mpya. Kwa wanaonunua: hakikisha ni ya otomatiki kama gari lako ni otomatiki, iwe na milango miwili ya mafuta ya gia kwenye tanki la chini, na linganisha unene wa kiini na ule wa zamani ukiwa dukani, kwa sababu kuna zinazofanana sura zote isipokuwa unene, na wembamba huo utaujua mlimani. Mafuta ya gia ya gari hili yalikuwa na harufu ya kuungua, jambo ambalo halinishangazi kwa gia iliyokuwa ikipoozwa na rejeta ya namna ile. Nikayabadilisha.

Kabla ya kufunga rejeta mpya niliosha bloku, thamostati ikiwa nje, maji yakipigwa kinyume na mwendo wake hadi yakatoka meupe. Ukifunga rejeta mpya kwenye injini yenye tope, umenunua rejeta ya miezi michache. Sikutumia asidi ya betri, ingawa najua wanaoitumia. Inakula aluminiamu ya hedi kutoka ndani.

Hozi ya juu ilikuwa nzima. Ya chini ilikuwa imelainika, ukiibonyeza inaungana. Hozi ya chini iko upande wa kuvutwa na pampu, na ikilainika inaweza kunywea pale injini inapozunguka sana, ikakata maji wakati ule ule unayoyahitaji. Niliibadilisha. Mkanda wa jenereta, ambao ndio unaozungusha pampu ya maji kwenye injini hii, ulikuwa umelegea kidogo, nikaukaza. Pampu yenyewe haikuwa na dalili ya kuvuja kwenye kitundu chake cha chini na haikuwa na mchezo, nikaiacha.

Feni ilinichukua muda mfupi. Kwenye gari hili swichi ya joto inapitisha umeme injini ikiwa baridi, na inaukata ikipata moto, ndipo feni inazunguka. Waya wake ukichomoka, swichi ya gari ikiwa imewashwa, feni inazunguka yenyewe. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi, ili waya ukikatika injini isiungue. Kwa hiyo kipimo ni rahisi: injini baridi, washa swichi, chomoa plagi ya waya. Baada ya kukata ule waya wa kuungia moja kwa moja, ambao hata fyuzi haukuwa nao, nilichomoa plagi na feni haikuzunguka. Rilei ilikuwa imeungua mguso wake. Rilei nyingine ikawekwa, feni ikarudi kazini kama ilivyozaliwa. Waya usio na fyuzi chini ya boneti ni hatari ya moto, na ningeukata hata kama gari lisingekuwa na tatizo jingine lolote.

Kujaza nako kuna utaratibu. Mfumo unachukua kati ya lita tano na sita. Nilichanganya kulanti nusu na maji yasiyo na madini (distilled water) nusu, na ukiomba dukani "maji ya betri" hakikisha hupewi yenye asidi. Pua ya gari ilielekezwa mlimani ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko yote, nikamimina taratibu huku kijana wangu akiminya hozi, hewa ikitoka. Injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi, maji yakashuka thamostati ilipofunguka, nikaongeza, nikafunga. Asubuhi yake nikafungua tena: rejeta imejaa hadi shingoni na kopo limeshuka kidogo. Uvutaji umerudi.

Ipogolo tulipanda na AC, mshale haukuondoka katikati. Mwalimu akaenda Dodoma na kurudi kwa Nyang'oro, na akanipigia simu akiwa juu kuniambia dumu halijafunguliwa. Mafuta nayo yamepungua, anasema anajaza akiwa ametembea umbali mrefu kuliko kabla.

Nilimwomba alirudishe baada ya muda tumwage kulanti ile, kwa sababu injini iliyokaa miaka na maji matupu haitoi kutu yote mara moja. Ilitoka ikiwa bado na rangi yake nyekundu ya kulanti, lakini chini ya beseni kulikuwa na vumbi la kahawia. Nikaosha tena na kuweka mpya.

Kilichobaki ni hita. Mmoja wa mafundi waliotangulia aliunganisha mipira yake miwili ili maji yasiingie ndani ya gari, na kapeti ya upande wa abiria ina doa la zamani, kwa hiyo nashuku rejeta ndogo ya hita inavuja. Kuifikia lazima dashibodi ishuke. Dodoma hataihitaji, ila Iringa mwezi wa Juni na Julai kioo cha mbele kinajaa ukungu asubuhi, na hita pia ni msaada wa dharura: gari likianza kupata moto mlimani ukaiwasha yote, inatoa sehemu ya joto la injini. Tumekubaliana alilete likizo ijayo.